Majibu yalisema hakuna tatizo: uchambuzi wa kisa cha ultrasaundi ya tumbo

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wawili: anayekwenda kupimwa ultrasaundi na anayempima. Jina, mahali, tarehe na umri kamili wa mgonjwa vimeondolewa, na baadhi ya mambo yasiyogusa tiba yamebadilishwa ili asitambulike.

Usuli

Mgonjwa ni mama aliyevuka miaka 50, mwenye kisukari cha aina ya 2. Alikuwa akitumia vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamidi, na tangu siku ya kwanza alikuwa ameonywa asivimeze bila kula. Onyo hilo alilishika barabara. Tutalirudia, maana ndilo lililobeba nusu ya kisa.

Kwa karibu nusu mwaka alisumbuliwa na maumivu ya juu ya tumbo. Yalianzia chembe cha moyo, yakahamia upande wa kulia chini ya mbavu, na mara nyingine yakatokezea mgongoni chini ya bega la kulia. Yalimjia kwa vipindi. Kipindi kimoja kingedumu saa moja, kingine saa tatu, kisha yakatoweka kabisa kama hayakuwapo. Siku za katikati alikuwa na kiungulia, cha kawaida tu.

Alitibiwa vidonda vya tumbo mara tatu. Kila mara kiungulia kilipungua, lakini yale maumivu ya vipindi yalirudi. Nafuu ya nusunusu namna hii hupotosha sana. Mgonjwa anaamini dawa inafanya kazi ila haijatosha, na mtoa huduma anaamini vivyo hivyo, basi dawa ileile inaongezwa muda.

Daktari aliyemwona mara ya tatu ndiye aliyeuliza maumivu huja saa ngapi na baada ya kula nini. Jibu lilikuwa usiku, saa chache baada ya mlo wenye mafuta mengi. Hapo daktari akashuku mawe kwenye mfuko wa nyongo, akaomba ultrasaundi ya tumbo. Kwenye fomu ya maombi, sehemu ya maelezo ya mgonjwa, aliandika maneno matatu: "maumivu ya tumbo". Shaka yake yenyewe ilibaki kichwani mwake.

Maandalizi ya nyumbani

Mapokezi walimwambia: "Kesho asubuhi usile." Hawakumweleza sababu, wala hawakumuuliza kama anatumia dawa.

Usiku ule mama alipima maagizo mawili yanayopingana. Moja ni la mtu wa mapokezi aliyemwona kwa dakika moja. Jingine ni la daktari wake wa kisukari, ambalo amelifuata kwa miaka na ambalo alijua vizuri matokeo ya kulivunja: aliwahi kumeza dawa bila kula, akatetemeka, akatoka jasho, akakaribia kuzirai. Asubuhi alikunywa maziwa, akala mayai, akameza vidonge vyake. Ukimsikiliza akieleza, huoni uzembe wowote hapo. Kati ya amri isiyo na sababu na amri ambayo sababu yake aliionja mwilini, alichagua ya pili.

Akaongeza jambo jingine. Alipokuwa mjamzito zamani aliambiwa anywe maji mengi na asiende haja ndogo kabla ya kupimwa. Kwa hiyo alikunywa karibu lita nzima ya maji akabana mkojo. Kibofu kilichojaa husaidia sana kuona mji wa mimba na nyonga, kwa kuwa husogeza utumbo pembeni na kuacha dirisha la maji la kupitishia sauti. Kwa kutazama mfuko wa nyongo halihitajiki. Mama wa watu alikaa kwenye benchi zaidi ya saa mbili akiwa amebanwa, bure.

Kipimo cha kwanza

Ili kuelewa kilichotokea chumbani, inabidi kujua mashine inafanya nini. Kile kifaa cha mkononi, probu, hutoa mawimbi ya sauti yenye mitetemo mingi kuliko sikio linavyoweza kusikia. Mwisho wa sikio la binadamu ni mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Kwa tumbo la mtu mzima, probu hutumia kati ya milioni 2 na milioni 5. Sauti inaingia mwilini, inagonga kiungo, mwangwi unarudi, na mashine inapima umechukua muda gani kurudi. Kwa kuchukulia kwamba sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde kwenye nyama laini za mwili, mashine inakokotoa kina na kuchora picha. Hakuna mionzi ya aina ya eksirei.

Sauti hiyo ina adui wawili, hewa na mfupa. Ikikutana na hewa, karibu yote inarudi palepale, na chochote kilicho nyuma hakionekani. Ndiyo maana hupakwa jeli: inaziba hewa iliyo kati ya probu na ngozi. Hewa iliyo ndani ya utumbo, jeli haiwezi kuifanya lolote.

Sasa turudi kwa mama. Mfuko wa nyongo ni ghala. Ini linatengeneza nyongo muda wote, na mtu asipokula nyongo hiyo hukusanywa mfukoni, nao unajaa na kuonekana kwenye skrini kama umbo jeusi, laini, lenye ukuta mwembamba. Weusi ni rangi ya majimaji kwenye ultrasaundi. Mafuta ya chakula yanapofika utumbo mwembamba, mwili hutoa homoni inayouamuru mfuko ujikamue. Unasinyaa, kuta zake zinakutana na kuonekana nene, na nafasi ile nyeusi ya kutafutia mawe inakaribia kwisha. Mayai na maziwa ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kutoa amri hiyo. Zaidi ya hapo, chakula na maji mengi viliongeza gesi tumboni.

Mpimaji hakumuuliza alikula saa ngapi. Fomu haikumpa sababu ya kukazia upande wa kulia. Alipima tumbo lote kwa haraka, akaandika ripoti ambayo kwa kweli ina uaminifu ndani yake. Kwenye mwili wa ripoti kulikuwa na sentensi hii: mfuko wa nyongo umesinyaa, haukuweza kutathminiwa kikamilifu, kongosho limefunikwa na gesi, kipimo kirudiwe mgonjwa akiwa hajala. Chini, kwenye hitimisho, iliandikwa: "Hakuna tatizo kubwa lililoonekana."

Daktari aliyepokea majibu, ambaye hakuwa yule aliyeomba kipimo, alisoma hitimisho. Mama akaambiwa kipimo kiko sawa, akapewa dawa ya vidonda kwa mara ya nne.

Alichosema baadaye kuhusu siku hiyo kinastahili kubaki kama alivyokisema: "Niliona aibu kurudi. Mashine imeangalia ndani haikuona kitu, nikajiona kama ninayejisingizia."

Usiku wa maumivu

Wiki mbili baadaye alifikishwa hospitali usiku, amejikunja, anatapika. Safari hii maumivu yalikaa upande wa kulia na hayakuachia. Hakuwa na homa, macho hayakuwa ya njano, presha ilikuwa nzuri. Alikuwa hajala tangu mchana.

Timu ya usiku ilikabiliwa na maamuzi matatu, na sababu walizotoa zinafundisha.

La kwanza lilikuwa kumpa au kutompa dawa ya maumivu kabla ya ultrasaundi. Kuna hoja ya kusubiri, kwa sababu mpimaji akibonyeza probu juu kabisa ya mfuko wa nyongo na mgonjwa akaumia hapo kuliko popote pengine, hiyo ni dalili yenye uzito ya mfuko uliovimba kwa maambukizi. Dawa kali inaweza kuifuta dalili hiyo. Walimpa dawa bila kusita, wakaandika saa na aina ya dawa kwenye fomu. Naunga mkono kabisa. Mgonjwa haachwi akilia ili picha iwe nzuri, na mpimaji akijua dawa imetolewa atajua pia kutoitegemea sana ile dalili.

La pili lilikuwa kupima usiku uleule au asubuhi. Mgonjwa mwenye homa, macho ya njano au maumivu yasiyotulia angepimwa palepale, awe amekula au hajala. Kufunga ni kwa ajili ya ubora wa picha, na dharura haingoji ubora. Maumivu ya mama huyu yalitulia ndani ya saa tatu na vipimo vya damu havikuonyesha maambukizi, basi wakaamua alale wodini apimwe wa kwanza asubuhi.

La tatu lilikuwa kisukari. Waliamua asimeze vidonge vya asubuhi hadi baada ya kipimo, sukari yake ipimwe alfajiri na tena kabla ya kuingia chumbani, na chakula kiwe mkononi mwa ndugu yake mlangoni. Maji kidogo aliruhusiwa. Maagizo yote yalielezwa na sababu zake. Hakupinga hata moja.

Kipimo cha pili

Mpimaji wa asubuhi alianza kwa maswali, probu ikiwa bado kwenye kishikizo. Maumivu yanaanzia wapi? Yanakwenda wapi? Umekula saa ngapi mara ya mwisho? Umewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo? Hili la mwisho si la kujaza fomu, maana mfuko wa nyongo uliokwisha kuondolewa hauonekani hata ukitafutwa kwa saa nzima. Kisha akamweleza kitakachofuata, na hapa ndipo ningependa kila anayekwenda kupimwa asome taratibu, kwa kuwa ndivyo kipimo cha tumbo kinavyokwenda kinapofanywa vizuri.

Taa zilipunguzwa ili skrini ionekane. Mama alilala chali, nguo zikasogezwa kuacha wazi sehemu kati ya mbavu na kiuno tu, kitambaa kikawekwa pembeni ili jeli isichafue nguo. Aliulizwa kama angependa ndugu yake abaki ndani. Akasema ndiyo. Jeli ilikuwa imepashwa joto kidogo. Mahali pengine hukutana nayo ya baridi, inashtua lakini haiumizi.

Mpimaji akasema sentensi moja ambayo baadaye mama aliirudia neno kwa neno: "Mama, kuna wakati nitanyamaza na kukazia macho skrini. Napima, sijaona kitu kibaya."

Aliombwa avute pumzi nyingi na kuishikilia. Pumzi ikijaa, kiwambo cha chini ya mapafu husukuma ini literemke chini ya mbavu, na mfupa haukingi tena. Aliombwa hivyo mara nyingi, kwa sababu kila kiungo kinatakiwa kionekane kwa urefu na kwa upana. Kati ya pumzi na pumzi aliachwa apumzike. Probu ilikandamizwa kwa nguvu kiasi, hasa katikati ya tumbo, ili kusukuma gesi pembeni. Aliambiwa mapema kwamba atahisi mkandamizo na kwamba akiumia popote aseme, maana mahali panapouma ni sehemu ya majibu.

Mfuko wa nyongo ulikuwa umejaa vizuri. Ndani ya ule weusi kulikuwa na vitu vyeupe kadhaa, kubwa kuliko vyote kikiwa na milimita 14, na nyuma ya kila kimoja kulikuwa na kivuli cheusi kilichonyooka. Kivuli hicho ndicho saini ya jiwe: sauti imegonga kitu kigumu haikupita. Lakini mpimaji hakuishia hapo. Alimgeuza mama alalie ubavu wa kushoto, na vile vitu vikabingirika kuelekea upande ulioinama. Kinyama kilichoota kwenye ukuta wa mfuko hakisogei mtu akigeuka, na kwa kawaida hakitoi kivuli. Jiwe huwa na kivuli, na lisiponasa mahali hubingirika. Kugeuka ubavu huko, ambako wagonjwa wengi hudhani ni usumbufu, ndiko kulikotoa jibu la uhakika.

Ukuta wa mfuko ulikuwa chini ya milimita 3, kiwango cha kawaida kwa mtu aliyefunga. Mrija mkuu wa nyongo ulikuwa na milimita 4, haujatanuka. Hapakuwa na majimaji kuzunguka mfuko. Alipobonyezwa juu yake aliumia kidogo tu, na mpimaji akaandika kwamba dawa ya maumivu ilitolewa usiku.

Kisha akapima vilivyobaki: ini, figo zote mbili, bandama, kongosho kadiri lilivyoonekana, na mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya tumbo. Ini lilionekana jeupe kuliko kawaida, ishara ya mafuta, jambo linalokutwa mara kwa mara kwa wenye kisukari. Kwenye figo ya kulia kulikuwa na kifuko cha maji cha milimita 22, chenye ukuta mwembamba, cheusi tii ndani.

Yote yalichukua kama dakika 25. Mama alifutwa jeli, akapewa chakula chake, akameza dawa zake.

Majibu na yaliyofuata

Mpimaji alimwambia palepale kwamba ameona mawe kwenye mfuko wa nyongo, na kwamba daktari wake ndiye atakayeyaunganisha na dalili zake na kushauri tiba. Si kila mahali mpimaji anaruhusiwa kusema hata hayo. Penye utaratibu wa ripoti kutoka kwa daktari bingwa wa picha za mwili, mgonjwa husubiri. Ila mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu yatatoka lini na atayapata kwa nani, na maswali hayo hayamkwazi mtu.

Ripoti iliandikwa vizuri upande wa nyongo. Upande wa figo iliandikwa "uvimbe kwenye figo ya kulia, mm 22". Mama aliisoma njiani akielekea kwa daktari. Kwa dakika arobaini alizosubiri mlangoni, mawe yalikuwa yameshasahaulika. Alikuwa na uvimbe. Alikwisha kuwapigia watoto wake.

Daktari alimweleza kwamba kifuko cha maji cha aina ile hupatikana kwa watu wengi kadiri umri unavyosogea, hakina madhara, hakihusiani na maumivu yake na hakihitaji ufuatiliaji. Akamweleza pia kuhusu mawe. Watu wengi wanayo bila kuyajua na hawahitaji chochote. Kwake yeye yalikuwa yanaleta maumivu ya vipindi, na mawe yaliyokwisha kuanza kuuma huelekea kuuma tena. Alishauriwa kuondolewa mfuko kwa upasuaji wa matundu madogo.

Upasuaji ulifanyika wiki kadhaa baadaye bila matatizo. Maumivu ya vipindi yalikoma. Kiungulia kilibaki, kwa sababu hakikuwa cha nyongo tangu mwanzo, na akapangiwa kipimo cha kuingiza kamera tumboni kupitia mdomoni.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Ni rahisi kumlaumu mpimaji wa kwanza, na nadhani ni makosa. Mfuko uliosinyaa humzuia hata mpimaji hodari. Aliandika kwamba hakuona vizuri na kwamba kipimo kirudiwe. Alipoteleza ni pawili. Hakuandika kama mgonjwa alikuwa amekula, na habari hiyo hubadilisha maana nzima: mfuko uliosinyaa kwa mtu aliyekula ni jambo la kawaida, lakini kwa mtu aliyefunga usiku kucha unaweza kuashiria ugonjwa wa muda mrefu, au mfuko uliojaa mawe hadi hakuna nafasi ya nyongo. Na hitimisho lake lilisema jambo tofauti na mwili wa ripoti. Msomaji mwenye haraka husoma mstari wa mwisho. Kama mstari huo ungesema "mfuko wa nyongo haukutathminiwa, rudia mgonjwa akiwa amefunga", wiki mbili za maumivu pengine zisingekuwapo.

"Hakikuonekana" na "hakipo" ni majibu mawili tofauti. Yakichanganywa, mgonjwa anaondoka na cheti cha uzima ambacho hakuna aliyekusudia kumpa. Uharibifu wake si wa kitabibu peke yake. Mama huyu alianza kutoamini mwili wake mwenyewe, akavumilia vipindi vingine viwili nyumbani bila kumwambia mtu.

Fomu ya maombi ilichangia sana. Ultrasaundi haifanani na picha ya eksirei inayopigwa mara moja na kusomwa baadaye na yeyote. Inatafutwa kwa mkono, sekunde kwa sekunde, na mpimaji huona anachokitafuta. Maneno "maumivu ya tumbo" yanamtuma aangalie kila mahali juujuu. Maneno "maumivu ya vipindi chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta, je ni mawe ya nyongo?" yanamtuma amgeuze mgonjwa ubavu, amsimamishe ikibidi, na akikuta mfuko umesinyaa asikubali kumaliza bila kumpangia siku nyingine.

Kuhusu maandalizi, agizo lisilo na sababu linashindana na maagizo mengine yote ambayo mgonjwa tayari anayo, na mara nyingi linashindwa. Kufunga kwa saa 6 hadi 8 kabla ya ultrasaundi ya tumbo la juu ni jambo dogo kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, ambavyo vinaweza kushusha sukari kupita kiasi mtu asipokula, ni jambo la kupangwa na daktari wake. Mama hakupewa mpango. Alipewa amri.

Uchambuzi: kilichofanikiwa

Mafanikio makubwa ya safari ya pili yalipatikana kabla mashine haijawashwa. Fomu ya usiku ilikuwa na swali, saa ya mlo wa mwisho, saa ya dawa ya maumivu na vipimo vya sukari. Mgonjwa alijua kwa nini anafunga. Mpimaji alikuwa na dakika kumi za ziada kwa kuwa alipangiwa mgonjwa huyu mwanzoni mwa orodha.

Ile sentensi ya ukimya naiweka juu sana. Mgonjwa aliyelala gizani humsoma mpimaji usoni. Mpimaji akikunja uso kwa sababu picha ina ukungu, mgonjwa anaona kifo. Misuli ya tumbo inakaza, pumzi inakuwa fupi, na picha inazidi kuharibika. Kumtoa hofu hapa ni sehemu ya ufundi wa kupima, haipaswi kuhesabiwa kama hisani.

Palipopungua katika safari ya pili ni neno "uvimbe". Wataalamu hulitumia kwa chochote kilichotuna. Mgonjwa akilisoma anaona saratani. Kuandika "kifuko cha maji kisicho na dalili ya hatari" kungegharimu maneno machache na kumwokoa mama yule dakika arobaini ambazo hatazisahau.

Matarajio nayo yanahitaji kusemwa wazi kwa wagonjwa. Ultrasaundi ni hodari kwa mawe ya mfuko wa nyongo. Kwa mtu aliyefunga huyaona katika zaidi ya asilimia 90 ya wenye nayo. Ni dhaifu zaidi kwa jiwe lililoshuka kwenye mrija wa nyongo, kwa sababu sehemu ya chini ya mrija hupita nyuma ya utumbo wenye hewa. Na haionyeshi vidonda vya tumbo kwa namna ya kutegemewa. Wengi huomba ultrasaundi "waone kama nina vidonda", majibu yakirudi safi wanaacha dawa. Kiungulia cha mama huyu kisingepata jibu hapo hata angepimwa mara kumi.

Kilichobadilishwa

Baada ya kisa hiki kujadiliwa, idara husika iliandika upya karatasi ya maandalizi, na aliyesaidia kuchagua maneno alikuwa mama mwenyewe. Karatasi ya zamani ilikuwa moja kwa vipimo vyote. Sasa ziko mbili. Ya tumbo la juu inasema usile chochote kwa saa 6 hadi 8, usivute sigara wala kutafuna ubani, na inaeleza sababu kwa sentensi mbili: chakula hukamua mfuko wa nyongo, na hewa unayoimeza huziba picha. Inasema maji matupu kidogo yanaruhusiwa na kibofu si lazima kijae. Ya nyonga inasema ule kama kawaida, unywe maji ya kutosha saa moja kabla na usiende haja ndogo, na kwamba ukibanwa mno useme, kwa kuwa kibofu kilichojaa kupita kiasi nacho husukuma viungo mbali.

Mapokezi wanauliza swali moja kabla ya kutoa siku: unatumia dawa ya kisukari? Anayejibu ndiyo anapewa nafasi ya kwanza asubuhi, anarudishwa kwa daktari wake apangiwe dawa ya siku hiyo, na anaambiwa aje na chakula chake.

Kwenye fomu ya ripoti kumeongezwa mistari miwili ya lazima, mmoja wa saa ya mlo wa mwisho, na mwingine, ulio juu ya hitimisho, wa viungo ambavyo havikuonekana vya kutosha. Mstari huo wa pili hauruhusiwi kuachwa wazi. Kama vyote vimeonekana, mpimaji anaandika hivyo.